Majivu ya Jikoni na Mti wa Bluberi

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Mbeya na Iringa)



Yapo maswali ambayo katibu wa chama cha msingi huulizwa, nayo hayamo katika daftari lolote la ofisi yake. Moja kati ya hayo ni la tunda liitwalo bluberi. Mwanachama amesafiri hadi Dar es Salaam, ameingia katika duka kubwa, ameona kijisanduku cha plastiki chenye punje chache za buluu, na bei iliyobandikwa juu yake imemfanya asimame. Arudipo Mufindi au Rungwe humwuliza katibu wake iwapo mti wa tunda hilo waweza kuota nyuma ya nyumba yake.

Jibu fupi ni kwamba waweza. Jibu refu ndilo kiini cha mazungumzo haya, maana mti huu una tabia ya kinyume. Mkulima hodari wa mboga aweza kuuua upesi kuliko mkulima mvivu, na atauua kwa uhodari wake huohuo.

Bluberi si zambarau wala si forosadi, ingawa watoto wakiiona mara ya kwanza watasema ni mojawapo ya hizo. Ni kichaka chenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, chenye majani madogo magumu, maua meupe mfano wa vikengele, na matunda ya mviringo yenye ukubwa wa njegere au kupita kidogo, ya buluu iliyokolea, yaliyofunikwa na ungaunga mweupe unaofutika kwa kidole. Asili ya bluberi inayolimwa ni Amerika ya Kaskazini. Jamaa yake mmoja huota porini katika Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Ukoo wao ni mmoja na vichaka vya erika vinavyoonekana juu ya Mlima Rungwe na kando ya uwanda wa Kitulo, na karibu ukoo huo wote hupenda udongo mchachu, yaani wenye tindikali na uliopungukiwa na chokaa.

Wazee waliofanya kazi katika chai wanalijua jambo ambalo litasaidia kueleza habari hii. Katika mashamba ya chai ya Afrika Mashariki, mara kwa mara huonekana kiraka ambacho chai yake haistawi. Pande zote michai ni ya kijani na imesimama sawasawa, lakini katikati ipo sehemu, pengine yenye upana wa nyumba moja tu, ambayo michai yake imedumaa, majani yamegeuka njano, na mingine imekufa. Hupandwa upya, ikafa tena. Wataalamu walipochunguza waliona kuwa vingi vya viraka hivyo ni mahame: mahali palipokuwa na nyumba, jiko au zizi la ng'ombe kabla shamba halijafunguliwa. Majivu ya moto wa miaka mingi yaliingia ardhini yakaondoa uchachu, na chai ikakosa chakula chake ingawa udongo ulionekana mweusi na wenye rutuba. Mahali hapohapo, maboga na migomba ikipandwa hustawi mno.

Basi bustani ya nyumbani ni nini, kama si mahame ambayo bado yana wenyewe? Kila asubuhi jiko huzolewa, na majivu humwagwa penye mchicha na figiri. Samadi ya zizi huletwa hapo kwanza, kabla ya kupelekwa shamba la mbali. Chokaa iliyobaki baada ya kupaka ukuta humwagwa hapohapo. Maganda ya mayai, maji ya sabuni, takataka zilizochomwa, vyote mwisho wake ni bustanini. Kwa kabichi na maharage mambo hayo mengi yana faida, na maafisa ugani wamefanya kazi kubwa kuwafundisha wakulima wayafanye. Kwa bluberi, kila moja ni hatua kuelekea kaburini.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni kati, haina uchachu wala ukali wa chokaa; kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi, na kila hatua moja ya kushuka ni uchachu mara kumi. Mahindi hupendelea udongo wenye pH kati ya 5.5 na 7. Bluberi hutaka kati ya 4.5 na 5.5, yaani karibu sawa na chai. Ikipandwa katika udongo wenye pH 6.5, haifi siku ileile. Hukaa miezi kadhaa kama iliyopigwa na butwaa, kisha majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika udongo yamefungwa na mizizi haiwezi kuyanyonya. Mkulima huona unjano, hudhani ni njaa, huongeza samadi. Mti huzidi kuwa njano. Mwaka wa pili hana mti.

Kosa hilo si la watu wa Mbeya na Iringa peke yao. Wamarekani wenyewe, ambao tunda hili liliota katika misitu yao tangu zamani, hawakuweza kulilima hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kila aliyeng'oa kichaka msituni na kukipanda katika bustani nzuri yenye samadi alikiona kikififia. Mtaalamu wa mimea wa Idara ya Kilimo ya nchi ile, Frederick Coville, alianza majaribio yake mwaka 1906, na mwaka 1910 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba rutuba ya kawaida ya bustani ndiyo iliyokuwa ikiviua vichaka hivyo, na kwamba vilihitaji udongo mchachu. Kitabu hicho kilisomwa na Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, naye mwaka 1911 akamwandikia Coville na kumkaribisha afanye kazi katika shamba la baba yake.

Yafaa makatibu wa ushirika waisikie sehemu inayofuata ya habari hiyo. Bibi White hakuzunguka msituni peke yake kutafuta vichaka bora. Aliwaendea watu wa vijiji vya jirani, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakichuma matunda hayo porini na kuyauza, akawapa kibao chenye tundu la upana wa milimita 16 hivi, na kuwaahidi malipo kwa kila kichaka ambacho tunda lake halikupita katika tundu lile. Wachumaji wale waliijua misitu yao kuliko mtaalamu yeyote. Vichaka walivyovileta vilipewa majina yao, na kimoja, Rubel, kinalimwa mpaka leo kwa jina la aliyekiona. Mavuno ya kwanza ya bluberi iliyolimwa yaliuzwa mwaka 1916. Ujuzi wa Coville ulikuwa wa maabara na ujuzi wa wale wengine ulikuwa wa miguu, na kimoja bila kingine hakingefika.

Sasa yafaa itazamwe ardhi yenyewe. Mkulima wa Mufindi ana udongo mwekundu wa kale, uliooshwa na mvua za karne nyingi hata chokaa yake imekwisha. Huo ndio uliolifanya eneo hilo kuwa la chai, na ndio uleule unaowasumbua wenye mahindi na maharage. Mkulima wa Rungwe, kuzunguka Tukuyu, ana udongo wa volkano, mwepesi, wenye kupitisha maji, nao kwa kuwa mvua ya huko hupita milimita 2,000 kwa mwaka, sehemu zake nyingi zina uchachu wa kutosha. Katika wilaya hizo mbili, penye chai iliyostawi, bluberi ina mahali. Hali si hiyo kila mahali. Mwanachama wa Usangu, wa bonde la Songwe ambako mawe ya chokaa huchimbwa, au wa Isimani penye ukame, asijidanganye kwamba jina la Nyanda za Juu linatosha. Joto, ukavu, na mara nyingi udongo wenyewe, vyote vinampinga.

Iko dalili moja ambayo mtu aweza kuiona bila chombo chochote. Katika nyua za nyumba nyingi za mashamba ya chai na za misheni limepandwa ua liitwalo haidranjia, lenye vishada vikubwa vya mviringo. Penye uchachu, vishada huwa vya buluu. Penye chokaa, ua hilohilo hugeuka la waridi. Aina zake nyeupe hazisemi kitu. Mwenye haidranjia ya buluu mbele ya nyumba na ya waridi karibu na jiko ameshaandikiwa ripoti ya udongo wake, na ni kuisoma tu kulikobaki.

Jambo la pili ni baridi. Bluberi za asili ya kaskazini huhitaji majira ya baridi kali. Zisipopata saa 800 au hata zaidi za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hazichanui vizuri. Baridi ya Juni na Julai katika Mufindi na Uyole huuma, na baadhi ya asubuhi jalidi hulala juu ya majani, lakini jua likipanda baridi huondoka. Saa hizo zikijumlishwa hazifikii hesabu ile. Kwa hiyo miche ya aina za kaskazini ni hasara, hata ikitolewa bure. Ukombozi ulitoka Chuo Kikuu cha Florida, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 Ralph Sharpe alizichanganya aina za kaskazini na kichaka cha porini cha Florida kisichodai baridi nyingi. Kutokana na kazi ya namna hiyo zimepatikana aina zinazoitwa za kusini. Mojawapo, Biloxi, ilitolewa na Idara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1998. Hiyo ndiyo iliyopandwa kwa wingi nchini Peru, katika jangwa la pwani lisilojua baridi, na Peru, ambayo miaka ya 2000 haikuhesabiwa kabisa katika biashara hii, katika muda usiofika miaka 15 ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza bluberi nchi za nje.

Hapo katibu hana budi kuwa mwangalifu kwa niaba ya wanachama wake. Aina nyingi mpya ni mali ya makampuni yaliyozizalisha, na Tanzania, kwa sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012 na kwa kujiunga na mkataba wa kimataifa wa UPOV mwaka 2015, imekubali kuzilinda haki hizo. Mwanachama anayekata vipandikizi vya aina iliyolindwa na kuwauzia majirani aweza kujitia matatani. Biloxi ni huru. Kadhalika, mche wowote unaotoka nchi ya nje hauna budi kuwa na kibali cha kuingizwa na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka inayohusika ni TPHPA. Mche uliofichwa katika mfuko wa nguo mpakani Tunduma ni mche ulioepa kukaguliwa, na ugonjwa ukiingia nao hautabaki katika bustani ya aliyeuleta. Anayetaka miche aulize jina la aina, aulize karatasi. Muuzaji asiyejua jina la aina anauza kuni.

Ikiwa udongo ni wa chai, upandaji si mgumu. Uchaguliwe mteremko mwepesi, mbali na jiko, mbali na mahali pa kuchomea takataka, usiopokea maji yatokayo zizini. Jua liwe la nusu siku au zaidi. Shimo liwe pana kuliko lilivyo refu: upana wa sentimeta 60 na kina cha 40, maana mizizi ya bluberi ni laini kama nywele, haina vinyweleo vya kunyonyea kama mizizi ya mimea mingine, na hukaa juujuu. Husaidiwa na kuvu wadogo wanaoishi nayo ndani ya udongo mchachu. Mizizi ya namna hiyo haiwezi kupenya udongo mzito wala kuvumilia maji yaliyotuama. Katika mfinyanzi wa Mufindi ni heri kuinua tuta la sentimeta 30 na kupanda juu yake. Kati ya mche na mche iachwe mita moja, na kati ya mistari mita mbili na nusu. Miche ipandwe mvua zikishatulia, Desemba au Januari, ili ikomae kabla ya kiangazi.

Ndani ya shimo na juu yake ndipo wakazi wa Iringa walipo na utajiri ambao wakulima wa nchi nyingine huununua kwa fedha. Msitu wa Sao Hill ni mkubwa kupita misitu yote ya kupandwa ya Serikali, na miti yake mingi ni misindano, yaani mipaini. Kuzunguka Mafinga, viwanda vya mbao hutupa au huchoma malundo ya vumbi la mbao, maranda na magamba ya miti hiyo. Magamba yaliyooza nusu, yakichanganywa nusu kwa nusu na udongo wa shimo, hufanya kitanda ambacho bluberi hukipenda. Majani makavu ya misindano, yale yanayoteleza chini ya viatu, ni matandazo bora: hukaa muda mrefu, hupitisha hewa, na hayaleti chokaa. Tabaka la sentimeta 10 litandazwe, nalo liongezwe kila mwaka. Vumbi la mbao lililo bichi, hata hivyo, lisichanganywe ndani ya udongo. Wadudu wasioonekana wanaolivunjavunja hula nitrojeni yote iliyopo, na mti hubaki na njaa. Liachwe lirowe na kuoza kwa mwaka mmoja, au litumike juu tu. Lundo lililowahi kuchomwa moto halifai hata kidogo, maana ni majivu yaleyale ya jikoni yaliyobadili anwani.

Penye matandazo, jembe halina kazi. Palizi ya jembe hukata mizizi ya juujuu, na majeraha yake hayaonekani mpaka jua la Septemba. Magugu yang'olewe kwa mkono.

Maji nayo yana uchachu au chokaa. Mtu atazame ndani ya birika la nyumbani: ikiwa umejengeka ukoko mweupe mgumu, maji yale yamebeba chokaa, na kuyamwagia bluberi kila jioni ya kiangazi ni kumimina chokaa kijiko kwa kijiko. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni mema kupita yote, na ya vijito vya milima ya Rungwe na Mufindi kwa kawaida hayana neno. Mti mkubwa hutaka lita 5 hadi 10 kwa siku wakati wa jua kali, na ni afadhali zitolewe polepole.

Kuhusu mbolea, mazoea ya ofisi ya chama yaweza kuleta madhara, maana katibu hugawa mifuko kama ilivyokuja. Bluberi hunyonya nitrojeni iliyo katika hali ya amonia, na mbolea iitwayo SA, ambayo wengi wanaifahamu, huipatia hiyo na papo hapo huudumisha uchachu. CAN, ambayo ni njema kwa mahindi, ina chokaa ndani yake, haifai. Minjingu ina chokaa nyingi, haifai. Mbolea zenye kloridi pia huunguza mizizi. Kiasi kiwe kidogo: mche wa mwaka wa kwanza upewe kifuniko kimoja cha chupa ya soda, yaani gramu 5 hivi, ukishaanza kuchipua, na urudiwe kila baada ya wiki sita wakati wa mvua. Mbolea inyunyizwe kwa kuuzunguka mti, umbali wa sentimeta 20 kutoka kwenye shina, isirundikwe mahali pamoja. Mwaka wa tatu kiasi chaweza kufika vifuniko vitatu. Mwenye kuona kifuniko kimoja ni dharau kwa mti wenye thamani kubwa akumbuke kwamba mti huu umezaliwa katika umaskini, na karamu humdhuru.

Je, mwanachama ambaye kiwanja chake chote ni mahame, na hana mteremko wa chai, akate tamaa? Hapana. Apasue pipa la lita 200 katikati, kila nusu aitoboe matundu chini, aiweke juu ya mawe, aijaze magamba yaliyooza ya misindano pamoja na udongo uliochotwa katika shamba la chai au chini ya misindano mikubwa. Nusu pipa moja huutosha mti mmoja kwa miaka mingi. Udongo wa bustani ya zamani haumgusi, na familia yaweza kuendelea na mchicha wake pembeni. Yupo atakayependa kurekebisha ardhi yenyewe kwa salfa ya unga, ileile inayotumika kwenye korosho. Yawezekana: kushusha pH kutoka 5.5 hadi 4.5 huhitaji takribani gramu 40 kwa mita ya mraba katika kichanga, na zaidi ya 100 katika tifutifu, ichanganywe udongo ukiwa na unyevu, kisha kungojewe miezi sita kabla ya kupanda. Lakini kwenye mahame ya kweli majivu ni mengi, salfa huliwa yote, na mwaka wa tatu pH imepanda tena. Pipa ni nafuu.

Lipo neno jingine ambalo halimo katika vitabu vya kilimo. Anayehudhuria semina ya chama mara nyingi ni baba. Anayezoa majivu asubuhi ni mama au mtoto. Baba amerudi na miche miwili ya thamani, ameipanda kwa uangalifu, amelala. Asubuhi binti yake, aliyefundishwa shuleni kwamba majivu hufukuza wadudu, amemwaga debe zima kwenye mti mgeni ili kuulinda. Hana kosa. Katibu anapoeleza habari za bluberi, aeleze mbele ya kina mama na watoto, au asieleze.

Mwaka wa kwanza na wa pili maua yaondolewe kwa vidole ili mti ujenge mwili. Hii huwauma wengi, na wengine hawatafanya. Tunda la kwanza la maana huja mwaka wa tatu, na mti uliokomaa, wenye miaka sita au saba, ukitunzwa waweza kutoa kilo 2 hadi 4. Miti miwili ya aina mbili tofauti ikikaribiana, matunda huwa makubwa zaidi, na nyuki wakiwepo, zaidi tena. Kuanzia mwaka wa nne matawi mazee, ya kijivu na yenye magamba, hupogolewa machache kila mwaka ili mapya yapate nafasi. Tunda lisichumwe siku ligeukapo buluu. Lingoje siku nne au tano nyingine, mpaka wekundu ulioko kwenye kikonyo utoweke na lenyewe lianguke mkononi kwa kuguswa tu. Kuzumburu na shore wanaijua kanuni hiyo, nao hawangoji. Bila chandarua, hata kile cha mbu kilichochakaa, mavuno ni ya ndege.

Limebaki swali la fedha, ambalo ndilo lililomfanya mwanachama asimame dukani. Nchini Kenya kampuni ya Kakuzi, katika Murang'a, imepanda bluberi kwa ajili ya soko la nje, na Afrika ya Kusini hufanya biashara hiyo kwa ukubwa. Hao wana mabomba ya matone yanayopimwa uchachu wake, vyumba vya baridi shambani, magari ya baridi, na mikataba ya mauzo iliyotiwa sahihi mapema. Tunda hili likipozwa mara tu baada ya kuchumwa na kuwekwa karibu na nyuzi sifuri, hukaa wiki mbili au zaidi. Likiachwa kwenye ndoo ndani ya basi la mchana kutoka Mafinga hadi Dar es Salaam, hufika likiwa limelegea. Parachichi, ambalo wakulima wa Rungwe wamelizoea, huchumwa likiwa gumu na huvumilia barabara. Bluberi haina subira hiyo. Uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa mwaka 2012, lakini ndege peke yake haipozi tunda lililokwisha kupata joto shambani.

Kwa hiyo chama cha msingi kitakachowahimiza wanachama wang'oe chai au maharage wapande bluberi kwa kutazama bei ya kijisanduku kitakuwa kimewatendea vibaya, na mikopo itakayotolewa kwa kazi hiyo haitarudi. Miti mitatu au minne nyuma ya nyumba ni jambo jingine. Gharama yake yabebeka, tunda lake huliwa na watoto palepale, na kinachozidi chaweza kuuzwa katika hoteli za Mbeya au Iringa asubuhi ileile lilipochumwa. Wakiwepo wanachama 20 wenye miti mitatu kila mmoja, na ikaishi kwa miaka minne, chama kitakuwa kimejua ni vijiji gani vyenye udongo unaofaa na ni nani wana mkono wa kazi hii. Mazungumzo ya chumba cha baridi yaanze hapo, si kabla.

Jambo la kufanywa mwaka huu ni kupima udongo, na ni jambo la senti chache likilinganishwa na bei ya mche. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, ambacho leo kiko chini ya TARI, kina maabara ya udongo. Katibu aweza kukusanya sampuli za wanachama wengi na kuzipeleka kwa safari moja. Kila sampuli itokane na matundu kumi, yaliyochimbwa kwa kupindapinda katika eneo litakalopandwa, kila tundu kina cha sentimeta 20. Udongo wa matundu yote uchanganywe ndani ya ndoo safi ya plastiki, utolewe nusu kilo, ukaushwe kivulini, si mekoni. Usitiwe katika mfuko uliokuwa na mbolea au saruji. Ndani na nje ya mfuko iwekwe karatasi yenye jina la mwanachama, kijiji, tarehe, na maelezo mafupi kama ni nyuma ya jiko au ni kwenye mteremko. Na mwenye sehemu zote mbili alete mifuko miwili, asiuchanganye udongo wa pande hizo katika mmoja.